Shajara ya mradi: baiskeli ya chuma, vifaa vya zamani, ya kutumia kila siku

Fremu

Fremu imeshaingia ndani kwa hiyo naanza kuandika. Ni fremu ya Kiingereza ya miaka ya 70, mabomba ya Reynolds 531, stika bado ipo imefifia ila inasomeka, rangi ya kijani ya asili imechubuka hapa na pale lakini nimeikagua vizuri na tochi na kutu iliyopo ni ya juujuu tu, haijala chuma. Sipaki rangi upya. Rangi ya asili ukishaiondoa hairudi, na hii bado inafanya kazi yake.

Kwa asiyeijua 531, ni chuma chenye manganizi na molibdeni ambacho Reynolds wa Birmingham walianza kukitoa mwaka 1935 na miaka mingi sana ndo kilikuwa chuma cha baiskeli nzuri. Bomba lake ni nene miishoni, pale linapoungwa, na katikati ni jembamba, hataza ya ufundi huo familia ya Reynolds walikuwa nayo tangu 1897. Ukiligonga kwa kucha katikati halafu ukagonga karibu na maungio mlio sio mmoja. Mimi hiyo kitu inanifurahisha kila nikipita karibu na fremu, nagonga tu.

Lengo niliweke wazi mapema. Hii sio baiskeli ya kuning'iniza ukutani na sio lazima kila kifaa kiwe cha mwaka mmoja na fremu. Sharti langu ni moja, kila kitakachofungwa humu kiwe kinafunguka kwa spana za mkononi, kinaoshwa, kinapakwa grisi, kinarudishwa. Beringi za kopo ambazo zikichoka unatupa zote sizitaki. Kuna msafara wa baiskeli za zamani wa Italia unaitwa L'Eroica, sio wa kushindana, ulianza 1997 pale Gaiole in Chianti, wao wanataka baiskeli za kabla ya 1987, mikono ya gia iwe kwenye bomba la chini, pedali ziwe na vishikio na mikanda, na waya wa breki upite nje juu ya usukani. Hii yangu itakaribia hapo yenyewe tu kwa sababu vifaa vya enzi hizo ndo vilivyotengenezwa kufunguliwa.

Kupima kwanza

Kabla sijatafuta kifaa hata kimoja nimekaa na vernia nikapima fremu nzima, na hili ningemshauri yeyote anayeanza mradi kama huu, maana vifaa vya zamani vinafanana kwa macho alafu havifanani kwa thredi. Kila nchi ilikuwa na vipimo vyake. Chukua tu kopo la ekseli ya kati, pale pedali zinapozungukia. Kiingereza ni inchi 1.37 kwa thredi 24 kila inchi, upana milimita 68, na kikombe cha kulia kina thredi ya kushoto. Kiitaliano ni milimita 36 kwa 24, upana 70, pande zote thredi ya kulia. Kifaransa ni milimita 35 kwa hatua ya milimita 1, upana 68, pande zote ya kulia. Na hata Uingereza kwenyewe Raleigh walikuwa na yao ya thredi 26. Sasa mtu anaona kikombe kizuri kinang'aa anakinunua, anakishindilia kwenye fremu ya nchi nyingine, thredi za fremu zinakwisha na hapo umeshaua fremu ya 531 kwa kifaa kimoja.

Yangu imetoka 68 na 1.37 kwa 24, Kiingereza safi. Uma nao ni wa inchi 1 thredi 24. Ndani ya bomba la uma ni milimita 22.2, yani stemu za kawaida, zile shingo za kushikia usukani, zinaingia, Kifaransa ingekuwa 22.0 na hizo sehemu mbili za kumi za milimita zinatosha kabisa kukwamisha stemu. Nyuma pale ekseli inapokaa, kutoka ukuta hadi ukuta, milimita 120, ni nafasi ya friwili, lile fungu la gia za nyuma, ya gia 5 ya enzi hizo. Breki nitaziongelea baadaye kwa sababu fremu hii ilijengwa kwa magurudumu ya inchi 27, ya kipimo cha 630, yani milimita za kipenyo pale tairi linapokaa kwenye ringi, na mimi naweka 700C ambayo ni 622.

Paipu ya siti imeganda

Paipu ya siti ya alumini ndani ya fremu ya chuma, imekaa humo miaka na haitikisiki. Hii ni kawaida kabisa, metali mbili tofauti zikikaa pamoja na unyevu alumini inaoza, na ule unga mweupe wa kuoza kwake unachukua nafasi kubwa kuliko alumini yenyewe, kwa hiyo paipu inajibana yenyewe kwa ndani pande zote.

Wengi wanakimbilia moto. Ila alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lilelile, ukichoma pale unaibana zaidi, na rangi ya asili unaipoteza bure. Njia niliyotumia ni ya taratibu. Nimefungua ekseli ya kati, nikageuza fremu kichwa chini, nikaziba tundu la juu la paipu kwa kizibo cha mpira, nikamimina mafuta ya kupenya kupitia kopo la ekseli yakashuka kwenye bomba yakakaa juu ya mdomo wa ndani wa paipu, pale pale penye ugonjwa. Nikaiacha siku kadhaa, kila jioni naongeza kidogo na kugonga bomba kwa nyundo ya mpira, sio kwa nguvu, ni kutikisa tu mafuta yatafute njia.

Baadae nikaifunga paipu kwenye jiriwa, nikabana mpaka mwisho maana hiyo paipu nilishakubali itaharibika, nikashika fremu yenyewe kwa mikono miwili kama mti wa kuzungushia. Fremu ni ndefu kwa hiyo unapata nguvu nyingi sana, na ndo maana unatakiwa kwenda polepole, unasukuma, unaachia, unasukuma upande wa pili. Kwa muda mrefu hakuna kitu. Alafu ikatoa mlio mkavu, krak, nikasimama nikadhani bomba limepasuka, nikaangalia pale kwenye mdomo nikaona mstari mwembamba wa unga mweupe umechomoza kuzunguka paipu yote. Hapo ndo nikajua imeachia. Toka hapo ni kuzungusha kidogo kushoto kidogo kulia huku unavuta, na mafuta yanatoka yamegeuka kama matope ya kijivu.

Ndani ya bomba nimesafisha kwa msasa uliozungushwa kwenye fimbo. Kipimo 27.2, ndicho kipimo kinachotegemewa kwa 531 nzuri. Paipu mpya ya 27.2 imeingia kwa kidole kimoja, imepakwa grisi ya kutosha, na itakuwa inatolewa na kupakwa tena kila mara.

Kutu

Sehemu za kromu nimeziloweka kwenye asidi oksaliki iliyochanganywa na maji. Kutu inayeyuka, kromu inabaki. Vaa glavu, fanya nje penye hewa, usiweke alumini humo, na ukimaliza suuza na maji yenye magadi soda ili asidi iliyobaki ife. Nati za uma na vishikio vya waya zimetoka safi kuliko nilivyotegemea. Ndani ya mabomba nimemimina mafuta ya kitani nikageuza fremu huku na huku ipate kila kona.

Ekseli ya kati na kranki

Kikombe cha kulia kwenye fremu ya Kiingereza kinafunguliwa kwa kuzungusha mwelekeo wa saa. Narudia kwa sababu ndo kinachowasumbua watu, kulia ni kinyume. Kilikuwa kimekaza ila kimetoka, na ndani njia ya gololi iko laini, hakuna vishimo, kwa hiyo vikombe vya asili vinarudi.

Gololi nimeweka mpya zote, robo inchi, 11 kila upande, bila kile kikapu cha kuzishikilia. Kikapu kinapunguza idadi ya gololi, na gololi nyingi zinagawana mzigo vizuri zaidi. Unapaka grisi nene kwenye kikombe, unazipanga moja moja zinanata humo, ukifika 11 unaona bado kuna upenyo kidogo na hiyo ni sawa, usijaribu kushindilia ya 12.

Kranki, yani mikono inayobeba pedali, ni TA Cyclotouriste, za Kifaransa, na hizi nilizitafuta kwa makusudi. Uzuri wake ni kwamba gia kubwa ya mbele inafungwa kwenye duara dogo sana la bolti, milimita 50.4, na ndogo inafungwa kwenye hiyo kubwa, kwa hiyo unaweza kushuka mpaka meno 26 mbele. Mimi nimeweka 46 na 30. Tahadhari moja kwa atakayezikuta, kifaa cha kuvutia kranki hizi ni cha thredi ya milimita 23, cha kawaida ni 22, na kranki za zamani za Stronglight ni 23.35. Kifaa cha 22 kwenye TA kitaonekana kama kinaingia alafu kitatoka na thredi zote za alumini. Nimenunua cha kwake kabisa kabla sijanunua hata kranki.

Nyuma, nipanue au nisipanue

Hapa nimefikiria sana. Ushauri wa kawaida ni kupanua fremu kutoka 120 kwenda 126 ili uingize habu, kile kitovu cha gurudumu, ya gia 6 au 7, unaivuta mikono ya nyuma kidogo kidogo mpaka chuma kinakubali kukaa hapo. Chuma cha 531 kinakubali kazi hiyo bila shida, hayati Sheldon Brown, fundi baiskeli wa Marekani, alieleza namna ya kuifanya na watu wengi wameifuata. Alumini na kaboni usithubutu.

Ila nimeamua nisipanue. SunTour wa Japani mwishoni mwa miaka ya 70 walikuwa na friwili wanaiita Ultra-6, gia 6 zilizosogezwa karibu karibu mpaka zinakaa ndani ya nafasi ya 120, ilimradi utumie mnyororo mwembamba. Ninachokosa ni gia moja, ninachopata ni fremu iliyobaki kama fundi wake alivyoiacha, na ekseli ambayo haijatokeza sana upande wa friwili, kwa hiyo haipindi kirahisi. Kwa habu za friwili za zamani ekseli kupinda au kukatika ndo ugonjwa mkubwa, maana beringi ya kulia iko mbali ndani na friwili yote imening'inia nje yake. Kwangu hiyo hoja inashinda.

Unyoofu nimeupima hata hivyo. Uzi kutoka penye ekseli kushoto, unazunguka kichwa cha fremu mbele, unarudi penye ekseli kulia, alafu unapima umbali wa uzi na bomba la siti kila upande. Pande zote sawa.

Magurudumu

Habu ni Campagnolo Record zenye sahani kubwa, matundu 36, zile zenye kibati cha chuma katikati ukikisogeza kuna tundu la kutilia mafuta. Zina kwiki rilisi, ule mkono wa kufunga na kufungua gurudumu bila spana, na inafaa ziwe nayo, Tullio Campagnolo, aliyeanzisha kampuni yake kule Vicenza mwaka 1933, ndo anayetajwa kuwa aliibuni. Mkono wake ukifunga vizuri unaacha alama kwenye kiganja, usipoacha alama haujafunga.

Koni, zile nati za ekseli zinazobana gololi, na vikombe vya habu nimeviangalia kwa lenzi. Koni moja ya nyuma ilikuwa na mstari wa vishimo vidogo, nimebadilisha, nyingine zimerudi. Gololi za nyuma ni robo inchi, 9 kila upande. Za mbele kwenye Record ni inchi 7/32, wakati habu nyingi za mbele ni 3/16, na ukiweka 3/16 gurudumu litazunguka tu ila gololi hazikai kwenye njia yake na zitakula kikombe.

Kurekebisha koni kunataka subira. Ukiifunga kwiki rilisi ekseli inabanwa na kufupika kidogo mno, kwa hiyo nje ya fremu unaiacha na mchezo mdogo sana, unaosikika kwenye vidole tu, alafu ukifunga kwenye fremu mchezo unaisha na gurudumu linazunguka bila kukwaruza. Nimekaa na spana zangu mbili za koni, robo ya robo mzunguko, funga, shika ringi tikisa, fungua, tena. Lilipokaa sawa nikaliachia gurudumu lenyewe, likazunguka polepole mpaka valvu ikashuka chini kwa uzito wake ikapita, ikarudi, ikapita tena kidogo ikasimama. Hapo sigusi tena.

Ringi ni za alumini, 622. Zile za chuma chenye kromu zinapendeza lakini mvua ikinyesha breki hazishiki, na hii ni ya kutumia kila siku. Spoku zina milimita 2 miishoni na 1.8 katikati, zinapishana mara tatu. Kufunga nimefunga mwenyewe, nimepaka mafuta kwenye thredi za nipeli, nimekaza kwa mizunguko midogo nikizunguka ringi yote kila mara, na kati ya hatua nashika spoku jozi jozi nazibana kwa nguvu ya mkono ili zikae kwenye vitanda vyake. Ukizipiga kwa kidole kama nyuzi za gitaa upande mmoja unatakiwa utoe sauti inayokaribiana. Nyuma kulia sauti iko juu zaidi kwa sababu upande wa friwili spoku zinasimama wima zaidi na kukazwa zaidi, hilo halina tatizo.

Friwili unaifunga na grisi nyingi kwenye thredi, pedali zenyewe zitaikaza. Kuitoa ya SunTour ya meno mawili unaweka kifaa chake alafu unakibana na skurubu ya kwiki rilisi kisiruke, unaanza kulegeza, ikikubali tu unalegeza na ile skurubu. Kisipobanwa kinachonga yale meno mawili na friwili haitoki tena milele.

Gia

Hapa nitasema ninachoamini. Watu wanapenda kuweka direla, kile kifaa cha kuhamisha mnyororo, ya Campagnolo Nuovo Record ya 1967 kwa sababu ni nzuri kuangalia, na kweli ni nzuri, imeshinda mbio nyingi na haichakai. Lakini kwa kubadilisha gia SunTour za miaka hiyohiyo zilikuwa mbele. SunTour mwaka 1964 walipata hataza ya direla ambayo mwili wake umekaa kimshazari, kwa hiyo inapoenda ndani inashuka pia kufuata umbo la friwili, kile kigurudumu cha juu kinabaki karibu na meno kwenye gia zote. Hataza ilipoisha 1984 wengine wakaichukua, na direla karibu zote za leo zimefuata wazo hilo.

Kwa hiyo nimeweka Cyclone GT, ya mkono mrefu. Hesabu yake, mbele tofauti ni 16, nyuma nina 14 mpaka 28 yani 14, jumla meno 30 ya mnyororo uliolegea ambao direla lazima iumeze, mkono mfupi haufiki huko. Gia ya chini kabisa, 30 kwa 28, inasogeza baiskeli kama mita 2.3 kwa mzunguko mmoja wa pedali, na ya juu 46 kwa 14 kama mita 7. Kwa mtu anayebeba mzigo na kupanda milima hiyo inatosha, na sina haja ya zaidi.

Mikono ya gia iko kwenye bomba la chini, ni ya SunTour pia, ina meno madogo ndani yanayozuia springi ya direla isiivute nyuma, bila kulazimika kukaza skurubu mpaka mkono uwe mgumu. Hakuna hatua zinazobofya, unatafuta gia kwa sikio. Ukisikia mkwaruzo unasogeza unywele tu unanyamaza.

Breki

Mafac Racer, za kuvuta katikati, Wafaransa walianza kuzitoa 1952. Nimezichagua kwa sababu mikono yake ni mirefu, na kutoka 630 kwenda 622 ringi inashuka milimita 4 kila upande kwa hiyo raba nazo zinatakiwa zishuke 4. Kwa Racer hiyo ni kulegeza nati na kusogeza, basi. Faida nyingine tairi la 32 linapita na madigadi yatapita.

Mafac wanasifika kwa kupiga kelele. Dawa ipo, raba zake zimeshikwa na kijiti kinachogeuka upande wowote, unaiweka raba ncha yake ya mbele iguse ringi kwanza kama milimita moja kabla ya nyuma. Nimeweka raba mpya za Kool-Stop, zile za rangi ya machungwa machungwa, waya mpya, na bushi za mikono nimezisafisha na kuzipaka grisi. Kimya kabisa.

Uma, usukani, siti

Njia ya gololi ya chini kwenye uma ilikuwa na vishimo, usukani ulikuwa unapenda kusimama katikati wenyewe. Nimetoa kikapu nikajaza gololi za kumwaga, zinakuwa nyingi zaidi na hazikai kwenye vishimo vile vile vyote kwa wakati mmoja. Umelainika. Siku nikipata kikombe kizuri nitabadilisha.

Usukani na stemu vyote 25.4, nimepima vyote viwili. Cinelli za zamani ni 26.4, Waitalia wengine 26.0, usifunge tofauti hata kama inabana.

Siti ni Brooks B17 ya ngozi. Nimepaka Proofide, mafuta ya ngozi ya Brooks wenyewe, chini na juu, bolti ya kuvuta ngozi sijaigusa.

Imetoka nje

Imesimama na imetembea. Inaenda kwa utulivu ambao sijui nieleze vipi, kwenye changarawe mtikisiko unaishia kwenye uma na tairi, mikononi unafika kidogo tu. Gia zinaingia, mnyororo uko kwenye mstari, nimepima kutoka katikati ya bomba la siti mpaka katikati ya gia mbili za mbele ni 43 hivi, na friwili nayo imekaa hapohapo.

Baada ya kutembea nimerudia bolti za kranki maana za alumini zinajikalisha kwenye ekseli na mwanzoni zinataka kukazwa tena, nimezungusha spoku mbili za mbele robo mzunguko, nimekaza kikombe cha uma kidogo. Waya wa gia umejivuta, nimeurudisha.

Kilichobaki ni madigadi, keria ya nyuma na taa ya dainamo. Fremu ina matundu ya madigadi nyuma na mbele ila ya keria hayapo juu, itabidi nitumie vibano vya duara kwenye mikono ya juu ya fremu, na nitaweka ngozi katikati ili rangi isikwanguke. Dainamo nataka ile ya kusugua ubavu wa tairi, kwa hiyo kabla ya kuifunga naangalia kama hili tairi la 32 lina ule mstari wa kusugulia pembeni, kama halina nabadilisha tairi kwanza.